Miche ya waridi la jangwani inaoza shingoni, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Mwezi uliopita nilichuma maganda ya waridi la jangwani huku Same, yale kama pembe, yalipoanza tu kupasuka. Ukichelewa siku moja upepo umebeba zote, maana mbegu zina manyoya ncha zote mbili. Nikapanda 40 kwenye trei, mchanga na samadi nusu kwa nusu. Siku ya sita zilikuwa zimeota 31!

Sasa miche inalala mmoja mmoja, shingo laini kama imechemshwa. Imebaki 12. Namwagilia asubuhi na jioni, trei iko kivulini. Mimi nahisi mchawi ni samadi, mama watoto anasema maji. Niihamishie kwenye mchanga mtupu sasa hivi, au ndiyo nitaimaliza kabisa?