Tupeane uzoefu: dada zetu wa sayansi hapa Tanga, mlifanyaje hadi mkaanza kupatikana mtandaoni?

Mwalimu wa Chumbageni

Habari za jioni wadau. Nafundisha biolojia sekondari hapa mjini. Juzi niliwapa wasichana wa kidato cha 3 kazi: kila mmoja atafute mwanasayansi mwanamke, aje amsimulie darasani. Karibu wote walikuja na Marie Curie. Sina neno naye, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja na marehemu Dkt. Mwele Malecela, ambaye mwaka 1987 alianzia kazi kituo cha utafiti cha Amani, mkoani humu humu, akichunguza matende na mabusha. Bibi zao wanaujua ugonjwa ule kwa macho. Baadaye aliiongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha akaenda Shirika la Afya Duniani (WHO) kule Geneva kuongoza idara ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, hadi alipofariki mwaka 2022. Mtu wa kiwango hicho, na mtoto wa Tanga hamjui!

Sasa nawauliza mlioko maabara, mashambani na baharini: nyie mnaonekanaje? Nini kimewasaidia, nini kimewakwamisha?

Mtafiti wa mbu, Muheza

Mwalimu, ahsante kwa huu uzi. Langu mimi ni jina. Machapisho yangu ya mwanzo yana jina la baba. Nilipoolewa nikaanza kuandika kwa jina la mume, na jarida moja likaweka herufi za kwanza tu. Ukinitafuta unakuta watu watatu, kila mmoja ana kazi chache. Niliomba fedha za utafiti mahali fulani, maoni yakarudi kwamba uzoefu wangu wa kuchapisha "bado ni mchanga". Kumbe aliyepitia maombi alihesabu kazi za jina moja. Iliniuma sana, maana wenzangu wa kiume niliosoma nao hilo haliwapati kabisa.

Dada mmoja tuliyekutana kwenye mafunzo akanielekeza ORCID. Ni namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, inatolewa bure, imekuwepo tangu 2012. Namba haiolewi wala haipewi talaka. Unaingia, unajaza majina yote uliyowahi kutumia kwenye sehemu ya majina mengine, halafu unaambatisha makala moja moja. Nilipomaliza nikafungua na ukurasa wa Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia machapisho ya kitaaluma, nikaziunganisha kazi zote hapo. Sasa namba hiyo naiweka chini ya kila barua pepe na kila andiko ninalotuma. Mabinti mnaoanza, chagueni jina moja la kuchapishia leo, hata kabla ya posa.

Dada wa maabara, Ngamiani

Nyongeza fupi. Nendeni mkaangalie tovuti za ofisi zenu. Yetu ilikuwa imeandika wanaume wote "Dkt.", na sisi wenye shahada ile ile ya uzamivu "Bi." Niliandika barua kwa uongozi, ikachukua muda, ikarekebishwa. Mwandishi wa habari akitafuta mtaalamu anapiga simu kwa Dkt., hampigii Bi.

Afisa wa mwani, Mkinga

Mimi nimepatikana kwa Kiswahili. Ripoti zangu za Kiingereza zipo, sijui kama kuna mtu anazisoma. Kilichonifungulia njia ni video fupi ya simu, maji yamekupwa, nipo na kina mama shambani. Nilishika tawi la kotoni, aina ya mwani tunaolima, lililoanza kuwa jeupe, likavunjika mkononi, nikaeleza: maji yakipata joto sana mwani unadhoofika, weupe unaanza, tawi linakatika na mbegu inapotea. Nikaonyesha jinsi ya kuchagua mbegu nzima na kuifunga kwenye kamba bila kuibana. Nikamtaja na Dkt. Flower Msuya wa Zanzibar, aliyewasaidia wakulima kupeleka kotoni kwenye maji ya kina kirefu, ili wajue nyuma ya maarifa haya yuko mwanamke mwenzao.

Video ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi Pangani. Redio wakanitafuta. Jamani, tajeni majina yenu na kazi zenu mwanzoni mwa video, kwa sauti. Ya kwangu ilikatwakatwa, lakini jina lilibaki.

Mama wa Raskazone

Shikamooni. Nina swali la kweli. Nikiweka picha, ujumbe unaoingia si wa sayansi. "Mambo mrembo", saa sita za usiku. Na mzee nyumbani hapendi uso wangu uzagae. Nifanyeje?

Mtafiti wa mbu, Muheza

Marahaba mama. Uso si lazima. Mimi nimeweka picha ya mikono yangu na darubini. Funga ujumbe wa watu usiowajua, acha barua pepe ya ofisini tu. Kinachotafutwa ni jina, fani na mahali ulipo.

Kijana wa maktaba

Naomba nichangie japo ni mwanaume. Naandika wasifu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Tarehe 2 Oktoba 2018 Donna Strickland wa Kanada alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, hakuwa na ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Miezi michache nyuma mtu alikuwa amemwandikia, rasimu ikakataliwa kwa sababu vyanzo huru havikutosha. Ndipo tunapokwama na sisi. Ukurasa wako hushauriwi kuuandika mwenyewe, na mimi siwezi kukuandika kama hakuna gazeti lililokutaja. Magazeti yenyewe yanaandika "mtaalamu mmoja alisema". Mkihojiwa, msikubali kuondoka bila jina kamili kuandikwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa 3

Mimi sina chapisho hata moja. Nianzie wapi?

Afisa wa mwani, Mkinga

Una mada ya utafiti wa mwisho, mwanangu? Iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, jina lako juu. Mpelekee mwalimu wa Chumbageni aisome darasani kwake.

Mwalimu wa Chumbageni

Naipokea. Nitumie kabla ya Ijumaa, kipindi changu ni saa mbili asubuhi.