Msosi mmoja, mimi ini lina mafuta wife hana, imekaaje hii?

mtu_wa_kati: Wakuu habari, naombeni mnieleweshe. Mimi na wife tunakula chakula kilekile, tena yeye ndo mpenzi wa vya kukaanga, mazoezi hataki hata kuyasikia, juzi tumepima wote ultrasaundi na damu mimi naambiwa ini lina mafuta na traigliseraidi (mafuta ya kwenye damu) ziko juu, yeye safi. Wote tupo arobaini na kitu. Mimi nina kitambi cha kawaida tu, yeye unene wake uko chini, mapaja na makalio.

ndugu_maabara: Umeshajijibu mkuu. Hicho unachoita kitambi cha kawaida ni mafuta yaliyozunguka utumbo, na damu ya huko inaenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kufika kwingine, kwahiyo ini lako linapokea mzigo kila siku. Ya mkeo yamehifadhiwa mapajani yametulia.

binti_biolojia: Ongeza na homoni. Estrojeni, homoni ya kike, inalifanya ini lipunguze kutengeneza mafuta mapya kutoka kwenye sukari na wanga, halafu lichome zaidi yale yaliyopo. Mwanaume akishakula wanga mwingi ini lake linaelemea upande wa kutengeneza. Pia mwili wa mwanamke unayaondoa haraka mafuta ambayo ini limeyamwaga kwenye damu, ndo maana traigliseraidi zao huwa chini na HDL (kolesteroli nzuri) juu. Cheki hata viwango, HDL ya mwanaume inahesabika ndogo ikiwa chini ya 40 mg/dL, ya mwanamke chini ya 50.

mama_wawili: Sawa ila msimdanganye huyo wife akabweteka!! Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, mafuta yanahamia tumboni na ini linaanza kujaa kama la wanaume tu. Na wanawake wenye PCOS (tatizo la homoni na ovari) homoni za kiume zikiwa juu wanapata mafuta kwenye ini hata wakiwa wadogo. Pombe ndo usiseme, ini la mwanamke linaumia kwa kiasi kidogo kuliko la mwanaume.

mtu_wa_kati: Duh. Kwahiyo testosteroni, hiyo homoni ya kiume, ndo inaniponza?

binti_biolojia: Hapana, kwa wanaume ni kinyume, wenye testosteroni ya chini ndo wanaoongoza kwa mafuta kwenye ini. We shughulika na kitambi, ukipunguza asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wako ini linapungua mafuta vizuri tu, yaani kama una kilo 90 ni kilo 6 hadi 9. Anza na soda na juisi za sukari, fruktosi (aina ya sukari iliyomo humo) inaishia kwenye ini na hapo ndo inageuzwa mafuta.

ndugu_maabara: Na hiyo "safi" ya wife iangalieni tena kwenye karatasi. Maabara nyingi zinaweka ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) kiwango kimoja kwa wote mpaka 40 U/L, wakati mwanamke akivuka 25 hivi na mwanaume 33 inafaa daktari aulizwe.