Kichwa cha farao kwa mninga: upande umekaa vizuri, mbele uso unapinda

Tezo_Mwenge
Wakuu, salaam. Kuna kazi ya kichwa cha farao, kimo sm 45 na kilemba chake, upana sm 30, mninga mkavu. Mteja anamtaka Senusret wa Tatu hasa, si yule farao wa kwenye fulana za Kariakoo. Kwenye jaribio la udongo jicho moja limepanda na pua imelala. Wamisri walipimaje? Na huyu mfalme anatambulikaje?

PatasiNusu
Mkuu, uso unapinda kwa sababu unamaliza shavu moja halafu unalikimbiza la pili. Wao walichora kila upande wa jiwe, kisha wakaingia ndani kutoka pande zote kwa pamoja. Mstari ukifutika unachorwa upya. Sanamu ndogo za farao Menkaure ambazo hazikukamilika, alizofukua mwanaakiolojia Reisner kule Giza, zinaonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua.

Mtu mzima aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka wayo hadi mstari wa nywele. Kwa kichwa pekee hiyo ni mikubwa mno, kwani nywele hadi bega ni miraba 2 tu. Wewe chora ya sm 3: 15 kwenda juu, 10 kwa upana, mstari wa 5 ndio katikati ya uso. Uzungushe hadi utosini na kisogoni.

Kata umbo la upande kwanza. Vile vipande vinavyotoka vina mchoro wako wa mbele, usivitupe. Virudishe kwa gundi ya karatasi, ndipo ukate umbo la mbele. Baada ya hapo kila tabaka unalotoa, rudisha mstari wa katikati na upime kwa bikari kona za macho, pua na mdomo, kushoto na kulia. Pua na masikio yaachie sm 1 ya ziada mpaka mwisho. Pua iliyolala haitibiki, labda ushushe uso mzima.

Binti_wa_Upanga
Senusret wa Tatu ni wa nasaba ya 12, karne ya 19 kabla ya Kristo. Kope nzito zilizoshuka, mifuko chini ya macho, mfereji toka puani kwenda pembe za mdomo, mdomo wenyewe umeelekea chini, masikio makubwa yaliyosukumwa mbele na kilemba. Ukilainisha mashavu umepata Khafre, farao wa kale zaidi mwenye uso laini, si yeye. Ajabu ni kwamba kiwiliwili chake ni cha kijana: uso huo ulikuwa tamko la utawala, kwa hiyo msimchonge kama mzee mgonjwa. Tazama sanamu zake za graniti za Deir el-Bahari zilizoko British Museum, picha za mbele na ubavuni.

Tezo_Mwenge
Asante dada. Nyoka wa kwenye paji nichonge humo humo? Na macho nitie kioo?

PatasiNusu
Nyoka usichonge humo humo. Nyuzi za mti zikisimama wima, shingo ya nyoka inayotokeza mbele itakatika siku ya msasa. Mchonge pembeni, umpe ulimi (kijiti cha kuingia tunduni) wa sm 2, toboa paji kwa keekee, gundi. Si kuchakachua: sanamu ya mti ya Ka-aper, ofisa wa Misri ya kale, iliyoko Cairo mikono yake imeungwa. Kwenye jiwe ndiko walikoacha nguzo mgongoni na kuziba nafasi kati ya mkono na kiwiliwili ili pasivunjike.

Binti_wa_Upanga
Kioo hapana. Ka-aper ana macho ya kupachikwa, kichwa cha malkia Nefertiti kilichoko Berlin kina jicho moja la jiwe la kwarzi, ila vichwa vya graniti vya Senusret macho yamechongwa. Ukiweka kioo, ile kope nzito inapotea.

GogoKavu
Kwa nini si mpingo?

PatasiNusu
Mkuu, mpingo wa sm 30 usio na ufa wala ule mti mweupe wa nje utaupata wapi?