Tupeane uzoefu: makanisa ya zamani ya tofali na vyumba vilivyoegemezwa ukutani, ardhi ikitikisika

Mwana Rungwe: Wakuu, habari za Jumapili. Sisi tunaishi juu ya bonde la ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910 lilikuwa na ukubwa wa kama 7.4, na lile la Karonga, Malawi, la Desemba 2009 wengi wa Kyela tulilisikia. Makanisa yetu ya kimisheni ni ya tofali na udongo, halafu miaka ikaenda yakaongezewa sakristia (chumba cha mavazi na vyombo vya ibada), ofisi, chekechea. Kwetu, ardhi ilipotikisika, ufa ulilala ukutani sawasawa na paa la ofisi linapoishia. Chini yake ukuta mzima kabisa. Nani mwingine kaliona hili?

Fundi Kyela: Nimelikuta zaidi ya kanisa moja, mkuu. Ukumbi wa kanisa ni mrefu kwenda juu, hauna kuta za ndani za kuushika, kwa hiyo unayumba polepole. Kile chumba kifupi kinatetemeka harakaharaka, basi vinagongana. Tena chumba kimeushika ukuta chini tu, juu uko huru, ndiyo maana unakatikia hapo mpakani. Ufa wa wima kwenye kiungo haunitishi sana, maana mara nyingi tofali za jengo jipya hazikufumwa na za zamani, plasta tu imeficha. Huo wa kulala ndio unaoninyima usingizi.

Mama Mzee wa Kanisa, Iringa: Ndugu zangu, kwetu walibomoa sakristia wakiamini ndiyo inayoharibu. Muda si mrefu ukuta ukaanza kutoka nje! Kumbe kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa zinausukuma miaka yote na sakristia ndiyo iliyokuwa ikiuzuia. Niliumia sana, nimebatizwa mle.

Fundi Kyela: Pole sana, mama. Kabla ya kubomoa, ukuta uegemezwe kwa magogo na kenchi zifungwe kwa vyuma toka ukuta hadi ukuta.

Mhandisi Kijana: Italia, baada ya tetemeko la L'Aquila la Aprili 6, 2009, makanisa yalikaguliwa kipande kwa kipande: uso wa mbele, mnara, kuta za pembeni. Kila kimoja kinaweza kuanguka peke yake. Nanyi mkague hivyo, mkianzia ile pembetatu ya tofali chini ya paa.

Mwana Rungwe: Ndaga fijo, asanteni sana. Watoto wa chekechea tumeshawahamisha, na ncha za ufa tumeziwekea alama na tarehe. Wa Njombe na Makete, kwenu vipi?