Mjadala: Namba ya Enneagramu iingie kwenye faili la mfanyakazi?

Mwalimu wa Kamalondo (mwenye mada)

Bandugu wa Lubumbashi, jambo hili nalileta hapa kwa sababu limeanza kugusa unga wa watu. Kampuni moja yenye mikataba huko migodini imewapa waombaji kazi fomu ya Enneagramu. Kijana mmoja wa avenu yetu, fundi umeme mwenye diplome, alijaza yale maswali, akaambiwa yeye ni "tisa". Halafu akaambiwa nafasi ya kuongoza timu inataka "nane" au "tatu". Kuhusu nyaya, transfoma na usalama hakuulizwa kitu.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ni duara lenye nukta tisa, na kila nukta ni aina ya mtu. Moja ni mtu wa haki na utaratibu, mwenye hasira anayoificha. Mbili ni msaidizi. Tatu anataka kufaulu na kuonekana amefaulu. Nne anajiona tofauti na wengine na anatamani alichokosa. Tano anajitenga apate kuelewa. Sita ni mwaminifu, ila hofu haimwachi. Saba anakimbilia raha na mipango mipya. Nane ni mbabe asiyekubali kubanwa. Tisa anapenda amani hadi anasahau anachotaka yeye mwenyewe. Wanaoifundisha wanasema jambo kubwa si tabia inayoonekana nje, ni kile ambacho mtu anakiogopa na anachokitafuta ndani. Watu wawili wanaweza kufagia kiwanja kilekile kila asubuhi, mmoja kwa sababu uchafu unamuudhi, mwingine kwa sababu anataka jirani amsifu.

Hapo sina ugomvi nayo. Mtu akikaa na maswali hayo peke yake, akajiona, akajirekebisha, amefanya vizuri. Ninachopinga ni mwingine kukuwekea namba, na zaidi mwenye uwezo juu yako: shefu, padri, mwalimu, mama mkwe. Namba iliyotoka kinywani mwa mwenye kazi si ya kujifahamu tena, ni hukumu. Karibuni, na msinionee haya.

Papa wa Personeli

Mwalimu, heshima yako. Mimi ndiye shefu wa personeli kwenye kampuni nyingine, na sisi pia tunaitumia, kwa hiyo nijibu wazi.

Unajua bila fomu watu wanaajiriwa namna gani hapa kwetu? Jina la ukoo linasomwa kwanza. Linafuata swali la "huyu ni mtoto wa nani?", linafuata simu ya mkubwa fulani. Sisi wote tulioishi hapa mwaka 1992 na 1993 tunakumbuka watu walifukuzwa makazini na majumbani kwa sababu tu asili yao ni Kasai. Treni zilijaa familia ambazo watoto wake walizaliwa hapahapa. Mimi fomu inayouliza "unapokasirishwa unafanya nini?" naipenda mara mia kuliko macho yanayotafuta kabila kwenye jina. Angalau mbele ya karatasi ile wote wanajibu maswali yaleyale.

Jambo la pili, migodini tunapoteza watu na mitambo kwa sababu ya ugomvi kuliko kwa sababu ya ujinga wa kazi. Timu ambayo shefu wake haelewi kwamba mmoja akinyamaza amekasirika, na mwingine akinyamaza anafikiri tu, haidumu.

Mwanafunzi wa Kasapa

Papa, nia nzuri haitoshi, chombo chenyewe lazima kipime kile kinachodai kupima.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baadaye kila mmoja akapokea maelezo "yake", wakaombwa wayape alama hadi 5 kwa jinsi yalivyowafaa. Wastani ulikuwa zaidi ya 4. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, yaliyotolewa kwenye kitabu cha unajimu! Basi mtu akisoma maelezo ya "sita" akapiga kelele "huyu ndiye mimi!", kelele hiyo peke yake bado haijathibitisha kitu.

Tena angalieni ile mistari ndani ya duara. Inakwenda 1, 4, 2, 8, 5, 7 na kurudi 1. Gawanya moja kwa saba utapata 0.142857 inayojirudia, na mfuatano ni huohuo. Hesabu ni nzuri, lakini nani amewahi kuonyesha kwamba hofu na hasira za binadamu zinafuata desimali? Mchoro huo George Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho, aliwafundisha wanafunzi wake huko Urusi mwaka 1916, na kwake haukuwa na aina za watu hata kidogo. Aina tisa aliziweka Oscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia. Claudio Naranjo, daktari wa akili kutoka Chile, alijifunza kwake mjini Arica mwaka 1970, akaipeleka California. Kwa hiyo wanaosema "ni hekima ya maelfu ya miaka" wanatuuzia umri ambao haujathibitishwa.

Na mwaka 2021 watafiti walikusanya masomo yaliyokuwepo juu ya Enneagramu, sampuli 104. Walichokuta ni ushahidi mchanganyiko: sehemu fulani zinakubaliana na vipimo vingine vya tabia, sehemu nyingine, kama zile "mbawa" (namba jirani inayosemwa inachanganyika na yako) na mistari ya kuhama (ile ya ndani ya duara, inayosemwa mtu huifuata kuelekea tabia ya namba nyingine), ushahidi wake ni mdogo sana. Je, huo unatosha kumnyima fundi kazi?

Mama Katuba

Mwanafunzi, wewe umesoma, mimi nimeolewa. Nisikilize kidogo.

Bwana wangu akirudi zamu, anakaa chini ya mwembe na redio yake, simu amezima. Mimi nilikuwa namfuata hapohapo: minerval (karo) ya watoto, maji yamekatika, ndugu yako amepita. Yeye kimya. Nikawa nahesabu kile kimya kuwa dharau, na dharau inazaa maneno, na maneno yakaleta wazee wa familia hadi kwenye parseli yetu. Kwenye mafungo ya wanandoa tulielezwa juu ya "tano": mtu ambaye watu wanammaliza nguvu, akijitenga anajaza tena. Bwana aliposikia hivyo alinitazama tu. Nikaelewa. Sasa nasubiri. Tukimaliza bukari (ugali), mwenyewe anaanza: "Haya, mambo ya shule yamefika wapi?"

Kama duara limetoka Bolivia au kwa Farao, mimi hainisumbui. Nyumba imetulia.

Mwanafunzi wa Kasapa

Mama, nafurahi kwa ajili ya nyumba yako, kweli kabisa. Lakini mtu yeyote mwenye busara angekushauri umpe nafasi apumzike, na ingesaidia vilevile.

Mama Katuba

Wazee walikuja parselini kwangu wote na busara zao, na hakuna aliyelisema hilo. Waliniambia nivumilie. Kuvumilia na kuelewa havifanani, mwanangu.

Fratri wa Ruashi

Aksanti Mama. Niongeze upande wa Kanisa, maana najua wapo watakaosema limekataza.

Mwaka 2003 Vatikano ilitoa hati juu ya mikondo ya kiroho inayoitwa New Age (Enzi Mpya), na Enneagramu imetajwa humo. Inaonya kwamba ikitumika kama njia ya kukua kiroho inaleta utata katika mafundisho na maisha ya imani. Onyo hilo nalichukua kwa uzito. Upande mwingine, Wajesuiti wa Marekani ndio walioichukua kwa Naranjo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kupitia mafungo yao ikaenea katika nyumba nyingi za kitawa. Na wazo la kuchunguza shina la dhambi zako ni la zamani sana kwetu: Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri katika karne ya nne, aliorodhesha mawazo manane yanayomwangusha mtu. Hakusema mtu mmoja ni "ulafi" na mwingine ni "majivuno". Alisema yote manane yanabisha hodi kwa kila mtu.

Hapo ndipo naona Enneagramu inateleza. Nimemsikia mchumba akimwambia mwenzake: "Mimi ni nane, ndivyo nilivyo, utanizoea." Hilo si kujifahamu, ni kukataa kutubu. Lakini sikubaliani na Mwalimu anayetaka mapadri wakae mbali kabisa. Mwenye kuongoza roho za watu anaruhusiwa kuuliza maswali mazito. Asitoe namba tu.

Mstaafu wa Gécamines

Watoto wangu, mnaongea kama vile fomu za kupima watu zimefika Lubumbashi jana.

Katika miaka ya 1950 Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia hapahapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Wafanyakazi na watoto wa kambini walipimwa kwa picha, kwa vipande vya mbao, kwa michoro yenye sehemu iliyokatwa ambayo unatakiwa kuijaza. Baba yangu alipitia hayo. Alituambia jambo moja: hakuna aliyewaeleza mtihani ni wa nini. Uliitwa, ukakaa, Mzungu akashika saa mkononi, ukatoka. Wiki ile mwenzako anapelekwa karakana, wewe unabaki na koleo. Ukiuliza sababu, unaambiwa karatasi ndiyo imesema.

Mwanasaikolojia mmoja wa wakati ule, André Ombredane, alichapisha mwaka 1956 na wenzake kazi waliyofanya kwa Waasalampasu wa Kasai. Waliwapa watu walewale mtihani uleule wa michoro, wakaurudia. Alama zikapanda. Yaani walichoita akili, sehemu yake ilikuwa ni kuzoea karatasi ya Mzungu. Jambo hilo liliandikwa na watu wao wenyewe, lakini maisha ya waliopimwa mara moja tu yalikuwa yamekwisha pangwa.

Shefu wa personeli, wewe unasema fomu inatuokoa na ukabila. Nakuheshimu kwa kuutaja mwaka 1992, wengi wanaufumbia macho. Lakini mwenye ukabila moyoni hashindwi na fomu. Atasema: "Mimi sina neno naye, tatizo ni tisa." Zamani angeona haya kidogo. Sasa ana karatasi.

Mwalimu wa Kamalondo

Mzee, aksanti sana. Umesema nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo.

Fratri, sikusema padri asiulize. Nimesema asimwekee mtu namba, na naona mwishoni wewe mwenyewe umefika palepale. Walimu wengi wa Enneagramu pia wanafundisha hivyo: kuna mapokeo yaliyoanzishwa na Helen Palmer pamoja na daktari David Daniels ambamo wenye aina moja hukaa mbele na kusimulia maisha yao kwa vinywa vyao, na msikilizaji anajitafuta mwenyewe humo. Hilo la Mama Katuba na bwana wake limefanya kazi kwa sababu hiyo. Bwana alijitambua mwenyewe, mke akatazamwa, mke akaelewa. Hakuna aliyempelekea mwajiri wake ile "tano".

Niongeze kisa kimoja. Taasisi ya Ichazo ilimshtaki huyo Palmer huko Marekani kwamba amechukua mali yao. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliamua upande wa Palmer. Moja ya sababu ni kwamba Ichazo alikuwa amedai aina hizi ni ukweli wa maumbile ya binadamu aliougundua, na ukweli hauna mwenyewe. Basi wanaotuuzia cheti kwa dola, na kututisha kwamba wao tu ndio wenye ufunguo, tuwajibu hivyo.

Papa wa Personeli, nakubali ugonjwa ulioutaja. Dawa yake naiona kwingine: mpe fundi umeme ubao wenye hitilafu, watu watatu wamtazame akifanya kazi bila kuona jina lake, kila mmoja aandike alama kabla hawajaongea. Hapo mtoto wa fulani atajulikana kama anajua au hajui.

Papa wa Personeli

Mtihani wa mikono nakubali, na kwa mafundi tunaweza kuuanza. Kwa kazi ya kuongoza watu hakuna ubao wenye hitilafu, Mwalimu. Hitilafu iko ndani ya watu. Nitaendelea kuitumia kwa timu ambazo tayari zipo kazini, anayetaka aje, asiyetaka asije. Kwa waombaji kazi, hoja ya Mzee imenibana, nitaipeleka kwa mkurugenzi.

Mwanafunzi wa Kasapa

"Anayetaka aje" mbele ya shefu? Nani atakataa, Papa? Na majibu yanakaa wapi? Sheria ya Kongo namba 23/010 ya 13 Machi 2023, ile ya mambo ya dijitali, ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa data za mtu binafsi. Unachokiogopa ndani kabisa, kama hicho si data yako binafsi, ni nini basi?

Papa wa Personeli

Fomu zilizojazwa haziko kwetu. Ziko kwenye kompyuta ya waliotupa mafunzo. Mkataba hausemi zitafutwa lini.

Mwalimu wa Kamalondo

Basi anzia hapo, Papa, kabla ya mkurugenzi. Waandikie barua: kila aliyejaza apewe karatasi yake, nakala zifutwe, nao wajibu kwa maandishi. Ukipata jibu, tuletee hapa. Yule kijana wa avenu yetu naye nitamsaidia kuandika yake.