Mgongo tu, nimepimwa mpaka mkojo. Hivi matibabu ni ghali kwa sababu gani hasa?

Kiuno_kimekaza:
Wadau habari zenu. Niliinua ndoo vibaya kiuno kikakaza nikaenda hospitali. Daktari hata mgongo hakunishika, maswali mawili huku macho yake yapo kwenye kompyuta, kisha akaanza kuandika: damu, mkojo, eksrei, MRI (ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili). Mapokezi walishaniuliza bima au keshi, nikasema bima, na naapa ile karatasi iliongezeka urefu. Majibu eti diski, ile pedi laini kati ya pingili za mgongo, imebonyea kidogo, nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nisilale sana, nitembeetembee. Sasa hilo la kutembea si angeniambia tangu mwanzo?? Na bima yenyewe imepanda tena. Ni magonjwa ndo ghali au tunapimwa kupita kiasi?

Sista_wa_zamu:
Pole kaka. Mi nakaa upande wa pili wa hiyo meza. Sehemu nyingi hospitali inalipwa kwa kila kitu inachofanya, daktari akikaa nawe nusu saa akakubonyeza mgongo vizuri analipwa ile ile ya kumuona daktari basi, ila MRI ina hela yake na ile mashine haikununuliwa ikae imefunikwa shuka. Halafu anaogopa pia, akikosa kitu kesho yuko mahakamani. LAKINI na nyie wagonjwa mna lenu. Mtu ana mafua ya siku mbili, mafua ni virusi, antibayotiki hazifui dafu, ukimwambia kapumzike anakuona hujasoma. Kuna mama alikaa benchi mpaka jioni anadai dripu, mwisho akaandikiwa ili aondoke. Maji na chumvi tu yale, na kunywa alikuwa anaweza!

Kipimo_si_dawa:
Na hiyo diski isikunyime usingizi. Kuna uchambuzi wa 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, wenye miaka 20 asilimia 37 diski zao zimeshachakaa, wenye 80 ni asilimia 96. Ukitafuta utapata, shida ni ukishapata unafanyaje. Korea Kusini walianza kampeni ya kupima kansa 1999, watu wakawa wanaongeza na altrasaundi ya tezi ya shingoni kwa hela kidogo juu, kufika 2011 waliogundulika na kansa ya hiyo tezi walikuwa mara 15 ya 1993. Vifo? Vile vile, havikupungua. Ina maana wengi walikuwa na kauvimbe ambako kasingewaua, wakakatwa tezi, wengi wao sasa ni vidonge maisha yote, wengine sauti imeharibika. Hiyo nayo ni gharama ila haiandikwi kwenye bili.

Mlipaji_mchovu:
Mnamuonea mgonjwa bana. Marekani wanatumia kama asilimia 17 ya pato lote la nchi kwenye afya na wala hawaendi kwa daktari mara nyingi kuliko nchi zingine tajiri. Kinachowaua ni BEI, dawa ile ile, kipimo kile kile, kwao mara mbili tatu. Na msiniletee ile ya "basi watu walipe mfukoni watajifunza". Walishajaribu huko huko, utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, miaka ya 70 hadi mwanzoni mwa 80, waliolipishwa walipunguza kwenda hospitali kweli, ila walipunguza vya maana na vya upuuzi kwa pamoja, na masikini wenye presha ndo walioumia, waliotibiwa bure presha zao zilishuka vizuri zaidi. Mgonjwa atajuaje kipi cha lazima? Angekuwa anajua asingeenda.

Sista_wa_zamu:
@Mlipaji_mchovu hapo kwenye bei sibishi. Ila dripu ya yule mama sijaisahau 😅

Kiuno_kimekaza:
Kiuno kimeachia wiki ya tatu hii, kwa kutembea tu, vidonge vingine viko kabatini. Sista, siku nyingine nikimuuliza daktari "kipimo hiki kikitoka vyovyote vile, dawa utakayonipa itabadilika?" atanuna?

Sista_wa_zamu:
Atanuna kidogo. We uliza tu.