Hivi yule mzee wa Peugeot anajiona nani? (Uzi wa hasira, msinitulize)

Mtafuta_504:

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye daladala, mikono inatetemeka, kwa hiyo msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Simtaji kwa sababu sina hela ya wakili, ila kila aliyewahi kutafuta gari la zamani mji huu ameshapita uani kwake. Kofia ya pama, rundo la funguo shingoni, na tangazo lake lile lile: "Halina shida hata moja, ni kuwasha na kuondoka." Huyo huyo.

Leo ameshika sumaku yangu kwa vidole viwili, akaiinua juu mafundi wake wote waione, na muuza kahawa, na mteja mwingine aliyekuja kuulizia bampa, akasema: "Dogo, mrudishie mama sumaku yake ya friji."

Dogo! Nina miaka 41, nina watoto, nina mkopo wa SACCOS, nina mvi. Na ile sumaku SI YA FRIJI.

Ngoja nivute pumzi.

Mimi ni mgeni kwenye haya magari, sifichi. Nataka Peugeot 504 moja tu, saloon, gia ya usukani, ya kupigia misele Jumapili na kupelekea watoto kula miwa. Nimekaa na mafundi wazee mpaka wakaanza kunikimbia. Wote wimbo ni mmoja: injini isikutie hofu, injini inashushwa, inafunguliwa, inafungwa, we kagua bodi. Bodi ikishaoza umenunua kesi. Basi nikajipanga: tochi, boksi la kulalia chini ya gari, na sumaku ya SPIKA niliyoichomoa mwenyewe kwenye redio mbovu, maana sumaku inashika bati, haishiki puti, ule udongo wa kuzibia bodi iliyooza. Nikaivalisha soksi ya mwanangu wa mwisho ili isichubue rangi ya watu. Kuna mtu mstaarabu kuliko huyo?

Jana nilimpigia nikamsihi: mzee wangu, gari usiliwashe, nataka nilikute la baridi. Akajibu sawa mwanangu, ondoa shaka. Nimefika saa moja asubuhi, manyunyu yanadondoka, nikampa shikamoo, akaipokea kwa kukohoa. Nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakitoa mbio. La moto! Namuuliza, ananiambia "ni jua". Saa moja! Na mvua! Jua la wapi, la Dubai?

Kadi sasa. Kadi inasema viti 7. Nachungulia ndani, viti vitano. Namuuliza kwa adabu zote, anajibu bila kupepesa: "Viwili vilitolewa." Nikanyamaza, nikajiambia labda ndiyo mambo ya magari ya kale.

Nikanyanyua kapeti upande wa dereva. Wakuu. Sakafu haipo. Kuna bati la kopo la mafuta ya kupikia, limekunjuliwa, limepigwa ribiti, na maandishi bado yanasomeka. "Lita 20." Yaani siku ukikanyaga breki kwa nguvu, unasimama wewe, gari linaendelea na safari.

Ndipo nikatoa sumaku. Boneti ikashika. Paa ikashika. Nikashuka chini ya mlango wa nyuma, pale kwenye kizingiti, nikaiachia. Ikateleza. Ikaanguka chini na soksi yake, pu! Nikajaribu fenda, pu! Nikajaribu kuzunguka taa ya nyuma, pu! Ile si Peugeot, ni puti iliyopakwa rangi ya maziwa na kuombewa. Kwa bei ya milioni 18!

Nilipoinama kuokota mara ya mwisho ndipo akaniwahi. Akaiokota yeye. Akaitazama soksi, akaitazama sumaku, akanitazama mimi. "Dogo, mrudishie mama sumaku yake ya friji." Gereji nzima ikaangua kicheko. Kuna fundi mmoja alikuwa chini ya Corolla, simuoni hata sura, naona miguu tu, na miguu inacheka.

Mama yangu hana hata friji ya kuweka sumaku! Ana friji, ila haina mapambo!

Hakujibu habari ya kadi wala ya bati. Amejibu soksi. Nauliza tu: huyu mtu mnamvumilia vipi?

---

Kiti_cha_Mbele:
Nimekaa paleee. Muuza kahawa apite na huku.

Bushi_Mbovu:
Samahani mkuu, mimi mgumu kuelewa. Sumaku ni ya friji au ya spika?

Mtafuta_504:
SPIKA.

Bushi_Mbovu:
Ya friji ya mama, sawa.

Mama_120Y:
Pole baba. Mimi huyo huyo nilimfuata kwa ajili ya Datsun, akaniambia "mama, mlete mzee tuzungumze". Mzee yupi? Mzee wangu hata tairi la akiba halijui linakaa wapi. Hela ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimesimama nayo juani, muuzaji anamsubiri mwanaume. Nikaondoka nikanunua 120Y kwa mwalimu mstaafu, kadi safi, mmiliki mmoja, na mpaka leo naipita pale getini kwake kwa makusudi, gia ya pili, honi.

Fundi_Mstaafu:
Kijana, hilo la kadi lisikupite hivi hivi kwa sababu ya soksi. 504 ya viti 7 ni ile Familiale, mwili wa station wagon. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma saloon ina mita 2.74, wagon mita 2.90. Na nyuma wagon ina ekseli nzima na springi mbili kila upande, saloon ina springi moja moja. Sentimita 16 haziondoki kwa kutoa viti. Hiyo ni kadi ya gari jingine lililokwisha kufa. Ungelipa, siku ya kuhamisha umiliki namba ya chesesi ingegoma, na wewe ndiye ungeanza kuulizwa maswali.

Na la boneti, umefanya vema kugusa. Kabureta ikishapata moto kila gari linawaka kwa nusu stata. Unataka uone choki, ile ya kuwashia injini ya baridi, ikivutwa, usikie injini inavyolalamika, uone moshi wa kwanza una rangi gani. Wa bluu ni oili. Ukipashiwa injini, umeoneshwa sinema.

Mtafuta_504:
Asante sana mzee. Ila umesikia alivyoniita?

Landrova_ya_Babu:
Mleta uzi unalia na wewe ulijua unachokagua? Njoo nikusimulie. Niliweka Series III sokoni. Akaja bwana mmoja, shati limenyooshwa, naye na sumaku yake. Akagusa mlango, pu. Akagusa fenda, pu. Akazunguka gari zima, pu pu pu, jasho linamtoka. Akanigeukia: "Mzee, hili gari lote ni puti! Huna hata haya!" Akaondoka zake, akaenda kunitangaza kijiweni.

BODI YA LANDROVA NI ALUMINIAMU. Sumaku haishiki hata likitoka kiwandani leo. Kinachooza ni fremu chini na ule ukuta wa mbele wenye bawaba za milango, na huko hakugusa kabisa! Mwezi mzima watu wananiuliza "lile gari lako la puti umeshauza?" Mimi ndiye wa kufungua uzi hapa.

Kiti_cha_Mbele:
Hahaha pu pu pu. Nimemwaga kahawa.

Kobe_wa_Kinondoni:
Hayo yote cha mtoto. Mimi fundi wa gereji hiyo hiyo alinitoza hela ya kuzibua rejeta. Kwenye Volkswagen kobe.

Bushi_Mbovu:
Na ikazibuka?

Kobe_wa_Kinondoni:
Ndugu yangu, kobe HANA rejeta. Injini iko nyuma na inapozwa na hewa. Na nilipolipa akanipa ushauri: "Usisahau kuongeza maji kila Jumamosi." Nilikuwa namiliki gari kwa wiki ya kwanza, ningejuaje? Jumamosi nazunguka na kidumu cha maji kutafuta pa kumimina, jirani ananiangalia dirishani. Mpaka leo mtaani naitwa Mtia Maji.

Mtafuta_504:
Sasa Kobe, huyo fundi si ndiye yule wa miguu iliyocheka? Maana gereji ni ile ile! Mnaona? Ni genge! Na mnisikilize, lile neno alilisema mbele ya MTEJA, mtu wa bampa, mtu baki kabisa.

Mtu_wa_Nairobi:
Poleni, lakini nyinyi mko na bahati na hamjui. Huku kwetu gari ikishapitisha miaka 8 hairuhusiwi kuingia, kwa hivyo hizi za zamani ni zile zile zilizobaki humu ndani, zinazunguka kutoka mkono huu hadi ule, na bei inapanda kila zikibadilisha mkono. Ile 504 ilikuwa inaungwa papa hapa Kenya, kila kijiji kilikuwa nayo ikibeba watu na mbuzi. Leo mtu akikuuzia mlango pekee yake anakuangalia kama amekupatia figo. Wazee kama huyo wenu tuko nao kila barabara.

Mzalendo_wa_Datsun:
504 ni gari la kuitia mafundi. Datsun 160J ilibeba Safari Rally 1979 hadi 1982, miaka minne mfululizo, Shekhar Mehta hajashuka kwenye usukani. Nunua Datsun ulale.

Mtu_wa_Nairobi:
Na 504? 1975 na 1978 ilishinda nani, bibi yako? Hapo sijaongea 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Hesabu mwenyewe na vidole.

Kobe_wa_Kinondoni:
Kobe alishazibeba 1954, 1957 na 1962 nyie mkiwa bado hamjapaka rangi. Na bila rejeta.

Mzalendo_wa_Datsun:
Mtia Maji tulia.

Mtafuta_504:
Wakuu tafadhali turudi kwenye mada. Mtu mzima ameitwa dogo hapa.

Shemeji_Mkweli:
Mimi nina swali dogo. Mkopo wa SACCOS, gari la milioni 18 la kula miwa Jumapili, shemeji yetu nyumbani anajua?

Mtafuta_504:
Hilo halihusiani na uzi.

Shemeji_Mkweli:
Hajui.

Mama_120Y:
Hajui kabisa. Na soksi ya mtoto anaitafuta muda huu.

Mkweli_Daima77:
Jamani tuwe wakweli, huyo mzee namfahamu vizuri, ni mtu wa watu, ana heshima zake, na magari yake hayana shida hata moja, ni kuwasha na kuondoka. Tatizo la wateja wa siku hizi wanakuja na mitandao kichwani badala ya hela mfukoni. Gari linanunuliwa, halipimwi kwa soksi.

Fundi_Mstaafu:
Shikamoo mzee. Ile kadi ya wagon uliipata wapi?

Bushi_Mbovu:
Umejiunga leo saa nne asubuhi mkuu. Karibu sana. Vua pama ukae.

Kiti_cha_Mbele:
Nakufa 🤣🤣

Mkweli_Daima77:
Mimi siye.

Mtafuta_504:
NI YEYE! Mzee, kama ni wewe, jibu habari ya bati la lita 20! Na soksi yangu mmebaki nayo!

Landrova_ya_Babu:
Kumbe hata soksi hukuichukua. Wewe hukufukuzwa, wewe ulikimbia.

Mama_120Y:
Mwacheni. Mleta uzi, njoo inbox, yule mwalimu aliyeniuzia Datsun ana rafiki yake Morogoro mwenye 504 imekaa kivulini kwenye matofali tangu mumewe afariki. Haiwaki, ila bodi haina hata tone la puti, vitasa vyote vipo, taa zote zipo, na kadi ina jina la marehemu tu. Mirathi imeshakamilika. Mwanzoni nunua lililokamilika hata kama haliwaki. Injini utaipata, ila vile vioo na urembo wa dashibodi utavitafuta mpaka ustaafu.

Fundi_Mstaafu:
Hapo mama amenena. Ila tanki la petroli lisafishwe kabla ya kugusa stata, na mipira ya breki yote ibadilishwe, imeshakauka hiyo. Usije ukaliwasha ukateremka nalo mlima kwa furaha.

Mzalendo_wa_Datsun:
Mama, huyo mwalimu hana Datsun nyingine? Hata isiyo na injini.

Mama_120Y:
Hana. Na hata angekuwa nayo nisingekupa wewe, unabishana na watu.

Mtafuta_504:
Mama, nimekuja inbox. Ila uzi usifungwe, sijamaliza na yule mzee.

Kobe_wa_Kinondoni:
Wakuu, wakati tunamsubiri mleta uzi, nani anajua pa kupata mkanda wa feni wa kobe 1300? Nimezunguka Gerezani yote wananipa wa pikipiki.

Landrova_ya_Babu:
Sema kipimo chako. Wa kwangu wa akiba upo, ila hela kwanza, na usije na kidumu.

Mtu_wa_Nairobi:
Nikitoka hapa nabeba mikanda miwili, kuna basi la Arusha kesho jioni. Mwingine anataka nini?

Mzalendo_wa_Datsun:
Kioo cha taa ya nyuma, 160J, kushoto.

Mtu_wa_Nairobi:
Hiyo hakuna hata huku. Tafuta kwa yule mzee wenu.